Gari Lisilo na Alama Likisimama Mlangoni Pako

Leo tuzungumze jambo ambalo wanaume huliongea kwa sauti ya chini, na wanawake huliwaza usiku bila kulisema. Jambo lenyewe ni uwindaji, na hasa yale yanayompata mwindaji anapokutana na maofisa wa wanyamapori waliokuja na gari lisilo na alama.

Fikiri, msomaji, ya kuwa ni wewe. Nyumba yako iko karibu na barabara itokayo Mbinga kushukia Mbamba Bay. Umekula ugali wa muhogo na usipa, umelala. Saa nane ya usiku mbwa wabweka. Mwanga wa taa wapita katika ufa wa dirisha, gari lasimama. Si gari la polisi, maana halina maandishi. Wala si la Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, maana halina nembo. Ni gari jeupe kama magari mengine yote. Watu wanne washuka, wawili hawana sare. Wabisha hodi na kusema, “Fungua, sisi ni Serikali.” Mama watoto akushika mkono. Huko jikoni, juu ya kichanja, kuna kipande cha nyama kavu ambacho shemeji yako alikileta juzi kutoka upande wa Mto Ruvuma. Je, utafanya nini?

Wengine hukimbilia mlango wa nyuma. Wengine hushika panga. Wengine hupenyeza fedha chini ya mlango. Njia hizo tatu zote zimekwisha kuleta msiba katika nyumba za watu. Kwa hiyo ni afadhali kufikiri sasa, mchana, hali moyo umetulia, kuliko kungoja usiku ule ufike.

ZAMANI ILIKUWAJE

Wazee wetu waliwinda. Walikuwa na nyavu, mbwa, mishale na mashimo, na wengine magobore. Nyama ilikuwa kitoweo, tena ilikuwa heshima: aliyeua nyati aliitwa mwanamume. Hakuna aliyemwuliza kibali, ila labda mwenye nchi aliyepelekewa sehemu yake.

Mambo yaligeuka Wajerumani walipokuja. Mwaka 1896 gavana wao, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji ya kwanza kwa koloni zima. Tangu hapo aliyetaka kuwinda alipaswa kuwa na hati, na sehemu fulani za pori zikatengwa. Jina la bwana huyo si geni kwetu, maana ndilo lililoandikwa kwenye meli ya Wajerumani iliyoelea katika ziwa letu. Meli hiyo ndiyo iliyopigwa na Waingereza mwezi Agosti 1914 pale Sphinxhafen, yaani Liuli ya leo, kaskazini ya Mbamba Bay.

Baada ya vita Waingereza wakashika nchi, wakaweka idara ya wanyama. Ofisa wake watu walimwita Bwana Nyama. Katika nchi ya kusini aliyejulikana sana ni Mwingereza C. J. P. Ionides, aliyekaa Liwale miaka mingi. Watu walimwita Bwana Nyoka kwa sababu alikamata nyoka kwa mikono yake. Yeye mwenyewe alikiri ya kuwa kabla ya kuajiriwa alikuwa jangili wa pembe za ndovu. Kumbe aliyekuwa mwizi wa pori akawa mlinzi wake! Lakini kumbuka na hili pia: katika miaka ya 1940 watu wengi wa Liwale walihamishwa katika vijiji vyao, sababu ikitajwa kuwa ugonjwa wa malale, na nchi waliyoiacha ikaingizwa katika pori la Selous. Ndiyo maana katika kusini yetu neno “hifadhi” halikuingia masikioni mwa watu kwa utamu. Liliingia pamoja na kumbukumbu ya mashamba yaliyoachwa.

Tulipokaribia Uhuru, mwezi Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alitamka huko Arusha ya kuwa wanyama wa pori ni amana, na ya kuwa tutawatunza kwa ajili ya wajukuu wetu. Sheria yetu wenyewe ya wanyamapori ikatungwa mwaka 1974, na ile inayotumika sasa ni ya mwaka 2009. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, ambayo wengi huiita TAWA, ilianza kazi mwaka 2016. Ndiyo inayosimamia Pori la Akiba la Liparamba, lile lililo kusini kwetu kupakana na Msumbiji.

KWA NINI GARI HALINA ALAMA

Labda utauliza: kama ni watu wa Serikali, kwa nini waje kama wezi? Swali lako ni la haki, nami nakujibu hivi.

Mfanyabiashara wa pembe hakai porini. Hukaa mjini, naye ana watu wake njiani. Gari lenye nembo likipita Mbinga, simu moja tu yatosha: kabla halijafika Kitai au Mpepo, bunduki imefukiwa na mzigo umevushwa mto. Kwa sababu hiyo wapelelezi hutumia magari ya kawaida na nguo za kawaida. Ndivyo wafanyavyo wapelelezi wa nchi nyingi. Na kazi hiyo ilizaa matunda. Mwanamke mmoja kutoka China, Yang Fenglan, aliyekuwa akijulikana kama Malkia wa Pembe za Ndovu, alihukumiwa Dar es Salaam mwezi Februari 2019 kifungo cha miaka 15.

Usisahau pia hasara iliyotupata. Mwaka 1976 katika eneo la Selous walihesabiwa tembo zaidi ya 100,000. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000. Hawakuliwa na watu wa vijijini hao. Waliuawa kwa ajili ya meno yao, na fedha zake hazikujenga hata darasa moja kwetu.

Tena maofisa nao ni wana wa watu. Mwezi Januari 1916 au siku za mababu? La, ni juzi tu: mwezi Januari 2016 majangili waliipiga risasi helikopta huko Maswa, wakamwua rubani Mwingereza, Roger Gower, aliyekuwa akisaidia kuwatafuta. Basi askari anayebisha hodi usiku naye moyo wake unadunda. Hajui kama nyuma ya mlango kuna mtoto au kuna bunduki. Watu wawili wenye hofu, mlango mmoja katikati yao: hapo ndipo ajali hutokea.

YALIYOTOKEA MWAKA 2013

Lakini si haki kuwalaumu wanakijiji kwa hofu yao, maana hofu hiyo ina sababu. Mwezi Oktoba 2013 Serikali ilianzisha kampeni kubwa iliyoitwa Operesheni Tokomeza. Askari wa majeshi mbalimbali walitumwa kuwasaka majangili nchi nzima. Nia ilikuwa njema, na silaha na pembe zilikamatwa. Ila baada ya wiki chache vilio vikasikika hadi bungeni: watu wamepigwa, wameteswa, wanawake wamedhalilishwa, mifugo imeuawa, na wengine wamekufa. Mwanzoni mwa Novemba operesheni ikasimamishwa. Kamati ya Bunge ilichunguza, na tarehe 20 Desemba 2013 mawaziri wanne walipoteza vyeo vyao kwa sababu ya mambo hayo. Rais Kikwete aliunda Tume ya Uchunguzi chini ya Jaji mstaafu Hamisi Msumi, nayo ikamaliza kazi yake mwaka 2015.

Tunajifunza nini? Mambo mawili. La kwanza, mwenye sare anaweza kukosa, na akikosa hata waziri wake huulizwa. La pili, waliosaidia ukweli kujulikana ni watu wa kawaida waliosema: waliotaja siku, saa, mahali, na majeraha. Aliyenyamaza hakusikiwa.

SHERIA YASEMAJE

Sasa shika maneno haya, uwafundishe na vijana wako.

Kwanza, jua maana ya nyara ya Serikali. Watu wengi hudhani nyara ni pembe za ndovu au ngozi ya chui tu. Sivyo. Nyama ya paa, mkia wa nyumbu, jino la kiboko, ngozi, kwato, hata kipande kikavu cha juu ya kichanja, vyote ni nyara. Ukikutwa navyo bila kibali, si lazima uwe wewe uliyeua. Kuwa navyo ni kosa. Tena mashtaka hayo mara nyingi huingizwa katika sheria ya uhujumu uchumi, na humo adhabu hufika miaka 20 hadi 30. Mwaka 2022 huko Iringa mama mmoja alihukumiwa miaka 22 kwa sababu ya vipande vya nyama ya swala. Baadaye Mahakama Kuu ilimwachia huru, lakini siku alizokaa gerezani nani atamrudishia? Basi fikiri: mtoto wako aliye kifuani leo angekuwa mtu mzima siku ile utakapotoka.

Pili, sheria ya mwaka 2009 yampa ofisa wa wanyamapori uwezo wa kukusimamisha na kukupekua wewe, mzigo wako, na chombo chako. Lakini nyumba ya kuishi haiingiwi hivi hivi. Yapasa wawe na hati ya upekuzi, au kama hawana hati, awepo angalau shahidi mmoja huru, yaani mtu asiye mwenzao wala asiye wa nyumba yako. Kwa kawaida huitwa mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, au jirani.

Tatu, kikichukuliwa kitu chochote, yapasa iandikwe hati ya ukamataji: vitu gani, vingapi, vimekutwa wapi. Hutiwa sahihi na mwenye nyumba na mashahidi. Mahakama ya Rufani imewaachia huru watu mara kadhaa kwa sababu upekuzi haukufuata utaratibu huo, au kwa sababu haikujulikana kitu kilichokamatwa kilipita katika mikono ya nani.

Nne, nyama huoza. Kwa hiyo hakimu huweza kuamuru iharibiwe kabla ya kesi kusikilizwa. Mshtakiwa anayo haki ya kuwapo mbele ya hakimu siku ile na kuulizwa kama ana neno. Wengi hawalijui hili, wakanyamaza.

Tano, anayekukamata lazima akuambie kosa lako ni nini. Na kabla hakimu hajaamua, wewe si mkosaji: Katiba yetu yasema hivyo.

BASI UFANYEJE

Turudi sasa mlangoni pako, saa nane ya usiku.

Usikimbie. Anayekimbia gizani huonekana kuwa na hatia, na risasi haina macho. Usishike panga wala gobore, hata kwa kujitisha. Washa taa. Sema kwa sauti ambayo jirani ataisikia: “Nimesikia, wakubwa. Mimi niko hapa na watoto. Naomba mniambie ninyi ni nani na mmetoka ofisi gani.” Hilo si tusi. Ofisa wa kweli ana kitambulisho, naye hana aibu ya kukionyesha. Ikiwezekana, soma jina, utazame na namba za gari, uziweke kichwani.

Kisha sema: “Naomba aitwe mwenyekiti ashuhudie.” Ukiwa na simu, mpigie wewe mwenyewe, au mtume kijana. Ofisa wa kweli atangoja, maana shahidi humfaa hata yeye: kesi isiyo na shahidi humvunjikia mikononi. Bali tapeli hawezi kungoja. Maana wapo, ndugu zangu, watu wanaovaa koti la kijani na kukodi gari, wakaja kuwatisha wanakijiji ili wapate fedha. Hao ukitaja mwenyekiti tu, huanza kuhimiza: “Fanya haraka, tumalizane hapa hapa.” Neno hilo “tumalizane” likufungue macho. Faini ya halali hulipwa Serikalini kwa namba ya malipo na stakabadhi. Haitiwi mfukoni mwa mtu kando ya barabara. Ukiombwa rushwa, TAKUKURU hupokea habari bure kwa simu namba 113. Na ukitoa rushwa, umekwisha kuwa na makosa mawili badala ya moja.

Shahidi akiisha kuja, waache wapekue. Usiwazuie, usitukane. Mama watoto naye aangalie kila mfuko unapofunguliwa, ili kisiingizwe kisichokuwamo. Hati ikiandikwa, isomwe kwa sauti. Usipojua kusoma, mwombe mwenyekiti akusomee. Usitie dole gumba katika karatasi tupu, hata ukipewa ahadi gani.

Ukichukuliwa, jamaa mmoja afuate ajue umepelekwa kituo gani. Tangu mwaka 2017 tuna sheria ya msaada wa kisheria, na wilayani wako wasaidizi wa kisheria wasiodai malipo. Ukipigwa, nenda polisi upewe fomu ya PF3, kisha hospitali, mapema kabla majeraha hayajapona. Malalamiko dhidi ya ofisa yaweza kupelekwa kwa wakubwa wake, kwa Mkuu wa Wilaya huko Mbamba Bay, au kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Andika siku, saa na mahali. Usiongeze chumvi, maana neno moja la uongo huua maneno kumi ya kweli.

NA YULE MWENYE SHAMBA?

Nawasikia wengine mkisema: “Mwandishi, wewe wazungumza juu ya nyama, lakini ngedere na nguruwe wamemaliza mahindi yangu. Mamba wa Ruhuhu amemchukua mwana wa jirani. Je, nikae nikitazama?”

Hasha! Mtu aliye katika hatari ya maisha sheria haimkatazi kujiokoa. Lakini mnyama akiisha kuuawa, mzoga si wako, ni wa Serikali. Toa habari kwa mtendaji wa kijiji siku ile ile, naye amwite ofisa wanyamapori wa wilaya. Ukimchuna na kugawa nyama, umejigeuza kutoka aliyeonewa ukawa mshtakiwa. Tena toa habari mapema kwa sababu nyingine: tangu kanuni za mwaka 2011 kuna fedha ziitwazo kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama waliotajwa humo, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Si nyingi, na mara nyingi huchelewa, nami sitaki kukudanganya. Lakini asiyeandikisha hapati hata hizo chache.

Nanyi maofisa mtakaosoma gazeti hili katika nyumba za wazazi wenu, neno moja kwenu. Mwanakijiji aliyepoteza shamba lake kwa nyani, akaandikisha, akangoja mwaka mzima bila jibu, ni vigumu kumwambia ya kuwa wanyama ni mali yake. Njooni na gari lenye nembo pia, mchana, siku za amani. Njooni mtufundishe jinsi ya kufukuza tembo na jinsi ya kuandika madai. Mkijulikana mchana, mtaaminiwa usiku.

MANENO YA MWISHO

Nimekufundisha haki zako, msomaji, lakini sikutaka kukufundisha kuficha nyama. Ulinzi ulio bora kuliko yote ni nyumba isiyo na kitu cha kufichwa. Waya uliotega nyuma ya mlima hauchagui: leo hunasa digidigi, kesho hunasa palahala mwenye mimba, keshokutwa ng'ombe wa jirani au mguu wa mtoto aliyekwenda kuokota kuni. Nenda ukautegue. Gobore la marehemu babu, lile lisilo na kibali, usilitupe mtoni wala usilifukie. Mara kwa mara Serikali hutoa siku za msamaha za kusalimisha silaha. Zungumza kwanza na mtendaji, ulipeleke kwa njia ya wazi.

Ukitaka kitoweo, ziwa letu lina mbelele na mbasa, na kuku hafungi mtu. Ukipenda nyama ya pori kweli, tangu mwaka 2020 kuna kanuni zinazoruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Uliza, ununue, upewe stakabadhi.

Na yule shemeji anayeleta kifurushi usiku? Mwambie kwa upole, mbele ya dada yako: “Shemeji, karibu ule, karibu ulale. Lakini kifurushi hicho kisipite mlango huu.” Akikasirika, atarudi siku moja. Lakini ninyi wawili mkiisha kuingia gerezani, ni nani atakayelima shamba la kahawa, na ni nani atakayelipa ada ya watoto?

Wazee walisema: tahadhari kabla ya hatari. Msomee habari hii jirani yako asiyejua kusoma, kabla mbwa hawajabweka.